Povu la Barazani kwa Bwana Mwangangi

Jumapili. Mvua inanyesha tangu alfajiri, Diani yote matope, na mimi nacheka peke yangu jikoni.

Mzungu aliyejenga nyumba hii, alipoiuza akarudi kwao baada ya Uhuru, aliacha barazani mashine ya bia: friji ya kuwekea pipa, mtungi wa gesi, mpira na bomba. Aliyenunua ni Bwana Mwangangi, karani mkuu wa hoteli. Kila Jumamosi adhuhuri lori humletea pipa kutoka Mombasa, jioni wenzake huja kunywa, na mimi, mpishi wake, ndimi ninayemimina.

Jumamosi tatu za mwanzo, mfululizo, bomba lilitema povu tupu. Bilauri nzima povu, bia kidole kimoja chini. Wageni wakacheka. Bwana akaongeza gesi, povu likamrukia shati.

"Mama Rai," akaniambia walipoondoka, "ikimwagika tena naleta mtu wa baa kutoka Mombasa, na hiyo chumba yako ya uani nitampatia yeye."

Nina watoto watatu katika chumba hicho.

Na jibu nilikuwa nalo!

Kila Jumatatu namwaga bia iliyobaki ili nioshe mpira. Siku hiyo gesi imefungwa, pipa limelala baridini siku mbili, na bia hutoka imetulia kama chai ya rangi. Baba yangu ni mgema kule Mwavumbo. Tangu utotoni namsikia: tembo lililotoka safarini halimiminwi, liweke kivulini lipumzike. Sasa pipa hili linavuka feri, linarukaruka juani njia nzima, kisha linafunguliwa siku iyo hiyo.

Nilinyamaza kwa haya. Shuleni misheni tulifundishwa kuwa pombe ni dhambi, na kila nilipoulizwa kazi ya baba nilijibu mkulima. Niliogopa kuulizwa nimeyajulia wapi mambo haya.

Jumatatu nikajikaza. "Bwana, naomba pipa lije Alhamisi."

"Kwani umeanza kunywa lini, Mama Rai?" Alicheka, lakini akaagiza.

Lilipofika nikalifungia kwenye friji, nikakataza mtu kuligusa. Gesi nikaipunguza mwenyewe, bila ruhusa. Hilo naungama.

Jana wageni walikuwa saba. Nikainamisha bilauri, nikafungua bomba. Bia ikateremka ukingoni kimya kimya, juu povu la vidole viwili, basi. Nikamimina ya pili. Ya tatu. Bwana akainua yake kwenye taa, akanitazama.

"Haki ya Mungu, hakuna mtu mwingine ataguza hiyo bomba."

Kichwa kilinivimba, sifichi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, najua, lakini kwa jana niachiwe nivimbe.

Kisha mgeni mmoja akauliza nani alinifundisha. Ningeweza kumtaja yule Mzungu, na wote wangeamini.

"Baba yangu," nikasema. "Ni mgema."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza kama mzee bado anapanda minazi, nikamwambia bado, tena kwa miguu yake mwenyewe.

Mtu mzima mimi, mama wa watoto watatu, na ndiyo mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo mbele za watu. Mvua ikikatika nitaomba ruhusa, niende Mwavumbo nimwambie baba kwamba jana nilimtaja.