Jumuiya imenikuta navamia sayari

Dieudonne, nimeharibu. Nimesahau kabisa kwamba leo jumuiya inasali kwangu!

Wamenikuta mezani na rangi hadi viwikoni. Mji wetu wa sayari, ule wa kuchezea vita vya mezani, nimeupanga wote. Minara ya maboksi ya dawa, mabomba ya mirija, kutu nimepaka kwa vumbi la tofali. Kila kipande kinahamishika, kama ulivyotaka.

Na nilikuwa nacheza vita, bwana. Peke yangu! Narusha dadu yangu, nasogeza askari wangu, nazunguka meza, narusha yako. Na nakutukana kwa sauti.

Mama Emelyne kasimama mlangoni na rozari: "Ponsian, unamgombeza nani humu?"

Nikasema, "Dieudonne."

"Si alishahamia Tabora?"

Eti namgombeza nani, jamani! Nikajaribu utani, nikawaambia hawa askari wa plastiki nao Wakatoliki, wasogezeni kwenye mkeka. Hakuna aliyecheka. Mimi ninayewachekesha hadi msibani!

Wakasali wameizunguka meza, maana chumba chote ni sayari. Kwenye maombi Mama Emelyne akasema, "Tumwombee ndugu yetu huyu, apate mtu wa kuongea naye." Wakaitikia kwa nguvu, twakuomba utusikie.

Na mimi nikaitikia, ujue.

Sasa wameondoka. Sijapangua kitu. Zamu ni yako.

Rusha dadu huko huko, uniambie imetoka ngapi.

Nakuona uko hewani.

Rusha basi, kaka.