Anayefunga Mchezo

Ole, Pemba
4 Septemba 2024

Kaka yangu Jabir,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila goti langu tu, nalo limeshakuwa mtu wa nyumbani. Wewe na wifi hapo Unguja hamjambo? Kifua chako vipi?

Usishangae kuona barua. Simu yangu kutwa anaishika mwanangu Haitham, anatazama video zako, na ninayotaka kusema sitaki ayasome. Nampa Bi Time, anakuja huko na boti kufuata mitumba.

Bango la mchezo wa ng'ombe limeshabandikwa mpaka kwenye ukuta wa skuli. Picha yako tena, ile ya zamani, una nywele. Chini wameandika kuwa wewe ndiye utakayefunga mchezo. Vijana wanaocheza msimu mzima na kuvunjika mbavu hawakuandikwa hata jina. Wewe unashuka bandarini mara moja kwa mwaka, unapiga magoti umempa ng'ombe mgongo, anakuja mbio, anasimama nyuma yako, wanawake wanakuimba mpaka sauti zinawakauka, kesho yake umeondoka. Sikatai, nakuonea fahari. Na mimi huimba.

Lakini sasa Haitham anataka kupiga magoti. Anajifunza uani, kampa mgongo mbuzi. Nilicheka mpaka nilipomwona uso. Anasema kuna dua uliyosomewa na utamrithisha yeye.

Mimi na wewe tunajua hakuna dua. Kila mwaka waandaaji wanakuletea ng'ombe yule yule, Radi wa Mzee Usama wa Gando, na Radi amekulia uani kwetu kabla hatujamuuza. Tangu ndama ulikuwa ukimlisha maganda ya ndizi kwa mkono. Akisikia sauti yako husimama. Nimemwambia Haitham hayo, akanijibu, "Mama, weye waogopa tu." Mwambie wewe. Kwako ataamini. Nina mtoto huyu mmoja, kaka.

Dada yako,
Asma


Unguja
11 Septemba 2024

Dada yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Sisi salama. Kifua kinakohoa masika na kiangazi, nimekizoea. Goti lako lichue kwa mafuta ya karafuu, usilionee haya.

Unaniomba jambo kubwa. Hapa mjini mimi ni mzee wa getini. Nafungua geti la hoteli, nafunga, wageni wananiita babu wakiwa wanatazama simu zao. Mwaka mzima naishi kwa alasiri ile moja. Haitham akiyasikia kwa mdomo wangu, Ole nzima itajua kabla ya magharibi, maana mtoto yule mdomo wake hauna mlango, na unajua kamrithi nani. Nitabaki mzee aliyekuwa akicheza na ndama wake mwenyewe.

Halafu hatathubutu. Ni ujana tu. Mimi kwa umri wake nilitangaza kuwa nitamwoa binti wa daktari, nawe ulinicheka wiki nzima. Nikija nitamtuliza.

Kaka yako,
Jabir


Ole
16 Septemba 2024

Kaka,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima. Mimi si mzima.

Amethubutu. Kulikuwa na mchezo mdogo kijiji cha jirani, akapiga magoti. Ng'ombe alimrusha, mkono umeteguka. Nikamshukuru Mungu, nikasema sasa kajifunza. Unajua kasema nini, nikiwa namkanda kwa maji ya moto? "Imekosekana dua tu, mama. Mjomba akija n'taipata."

Jabir, silali. Nikimsikia anafungua mlango nainuka na goti langu kumfuata. Kama huwezi kusema, basi usije. Waambie unaumwa. Sikuombi kitu kingine maishani.

Dada yako,
Asma


Unguja
19 Septemba 2024

Dada yangu,

Asalaam aleikum. Samahani kwa barua iliyopita. Niliisoma tena kichwani nikajichukia.

Nimempigia Haitham simu, nimemwambia yote, Radi, maganda, kila kitu. Alicheka. "Mjomba wan'nyima tu," akasema. Anaona nambania urithi wake.

Kwa hiyo maneno hayatoshi. Nimewaambia waandaaji mwaka huu wasimlete Radi, walete ng'ombe yeyote nisiyemjua, mkali kuliko wote. Nitapiga magoti mbele ya macho ya Haitham, na nitapigwa. Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Akiniona nimelala chini atajua kuwa hakuna dua. Usimwambie, na usinizuie.

Kaka yako,
Jabir


Ole
25 Septemba 2024

Kaka Jabir,

Asalaam aleikum. Uliondoka bila kuaga, sijui hata kama mwili wako uko salama, ingawa nilikuona kwa macho yangu hukuguswa.

Kwa nini alisimama?

Nilikuwa nimejifunika uso kwa kanga. Nilisikia kishindo chake kikija, nikasikia uwanja umenyamaza, nikajua umekufa. Nilipofunua, yule dume mweusi wa kijiji cha Chwale, waliyemleta badala ya Radi, amesimama nyuma yako, anapumua kwenye shingo yako. Baada ya sekunde hiyo sikusikia tena kitu, kwa makelele. Ulikuwa unalia. Watu walidhani ni furaha.

Haitham aliubusu mkono wako mbele ya umma mzima. Tangu siku hiyo haniambii kitu. Ananitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mtoto. Kaona ng'ombe mgeni akisimama, sasa nitamwambia nini?

Nijibu upesi.

Dada yako,
Asma


Unguja
30 Septemba 2024

Dada yangu,

Waaleikum salaam. Mwili mzima. Mengine usiniulize.

Sijui kwa nini alisimama. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Labda alichoka, labda walimzungusha sana kabla. Nilifumba macho nikatamka shahada, nikangoja. Ilipokuwa kimya nilikasirika, Asma. Nilimkasirikia ng'ombe kwa kutoniua. Haitham akaniinua, akaninong'oneza, "Sasa nimeona kwa macho yangu." Nilimwambia hakuna kitu, mwanangu, ni bahati. Akatabasamu.

Waandaaji wameongeza mchezo mmoja mwezi ujao, wanataka niufunge tena. Nimewaandikia kuwa sichezi tena, si mwaka huu wala mwakani. Bila mimi hakuna wa kupiga magoti, na huo mtindo utasahaulika. Hilo ndilo ninaloweza. Mfungie mlango, mfiche viatu, fanya lolote, mpaka msimu uishe.

Kaka yako,
Jabir


Ole
15 Oktoba 2024

Jabir,

Habari umeshazisikia kwenye simu, lakini mle nilikuwa nalia tu. Haya ni yale niliyoshindwa kusema.

Ulipojitoa walihitaji mtu wa kufunga mchezo. Walimpa yeye. Walimpiga picha amevaa shati lako la njano uliloliacha mwaka juzi, wakaandika, "Mrithi." Nilikwenda kwao nikawapigia magoti, nikasema huyo mtoto hana kitu. Wakaniambia, Bi Asma, hata kaka yako ulimsemea hivyo alipoanza, na ng'ombe alisimama.

Alipiga magoti akiwa amenielekea mimi. Alikuwa anacheka. Hakugeuka hata mara moja, Jabir, kwa jinsi alivyokuwa na hakika. Mimi ndiye niliyemwona ng'ombe akija.

Tulimzika siku ya pili asubuhi. Najua boti yako ilichelewa na maiti hangoji. Alipoteremshwa kaburini waliita mjomba wake ashike upande wa kichwa, wakaita tena, akashuka jirani.

Jana alikuja mkubwa wa waandaaji kutoa rambirambi. Alikaa jamvini akalia kweli, sitamsingizia. Alipokuwa anavaa viatu akaniuliza kama nadhani utakubali kurudi mwakani, mara moja tu, kwa heshima ya marehemu.

Nimemwambia akuulize mwenyewe. Ukikubali, usipite kwangu. Ukikataa, njoo kesho, maana nyumba hii siiwezi peke yangu.

Mama yake Haitham