Kila Mtu Analalamikia Printa

Coimbatore, 3 Novemba

Appa mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Magoti je? Mimi mzima, ila kazi inaniumiza kichwa.

Umeuliza nafanya nini ofisini. Kompyuta ya mfanyakazi ikileta matata, anaandika lalamiko, tunaliita tiketi. Mimi ndiye ninayepanga makundi: nywila, mtandao, printa na kadhalika. Mtu anachagua kundi, tiketi inakwenda kwa fundi wake. Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja. Sasa karibu tiketi zote zinaangukia printa, na printa zenyewe ni nzima! Bosi kasema hakuna likizo mpaka nieleze kwa nini. Usijali, Januari, sikukuu yetu ya mavuno ya Pongal, nitakuja.

Binti yako,
Yamuna

Kumbakonam, 14 Novemba

Mwanangu Yamuna,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, magoti ni uzee tu. Uendelee kuandika, maana kwenye simu sikusikii vizuri.

Sijaelewa. Wanakulipa mshahara upange malalamiko ya watu? Basi marehemu mama yako angekufa tajiri. Sikiliza, redio imeanza tena kukoroma. Mwaka juzi uliifungua, ukaipigapiga, ikapona. Mimi siiwezi. Utakuja lini?

Baba yako

Coimbatore, 2 Desemba

Appa,

Shikamoo, natumaini u mzima. Pole na redio. Nimekutumia mpya kwa posta, achana na hiyo kuukuu.

Mimi nazidi kuchanganyikiwa. Nimebadilisha majina ya makundi, nikaongeza mengine, nikaweka na maelezo. Wapi! Jana mhasibu kasahau nywila yake, kachagua printa. Bosi sasa anataka kununua printa mpya. Huenda Pongal nisije. Tafadhali usinikasirikie.

Binti yako,
Yamuna

Kumbakonam, 15 Desemba

Mwanangu,

Mzigo umefika, asante. Sina homa wala kikohozi, namshukuru Mungu.

Ila hii mpya nayo haishiki stesheni. Labda waya, labda mvua, mimi nitajuaje? Fundi wa mtaani nimemkatalia, hana mkono wako. Mchele wa Pongal nimeshanunua, wa watu wawili. Jirani Kamakshi kanicheka. Redio inakusubiri.

Baba yako

Coimbatore, 4 Januari

Appa wangu,

Shikamoo. Leo siulizi kama hujambo, maana najua utanijibu nini.

Nilimfuata yule mhasibu mezani kwake. Akashangaa: "Kwani hujui, dada? Ukichagua nywila unaandikiwa 'tumepokea', basi. Ukichagua printa anakuja fundi Selvaraj mwenyewe! Anavuta kiti, anakunywa chai, anatengeneza chochote utakachomwonyesha."

Walikuwa wanachagua mtu, Appa, si tatizo. Nilicheka sana. Halafu nikakumbuka barua zako, nikalia mbele yake bila haya. Redio zote mbili ni nzima, sivyo? Bosi nimemweleza, kanipa likizo. Nafika kwa treni kabla ya Pongal. Niambie ukweli, kuna nini huko?

Binti yako,
Yamuna

Kumbakonam, 9 Januari

Mwanangu,

Redio zote zinaimba. Moja iko jikoni, nyingine hapa sebuleni ninapolala, maana magoti yamekataa ngazi tangu Oktoba.

Nilijua nikiandika magoti utatuma dawa. Nikadhani redio haitengenezeki kwa posta.

Ufunguo uko kwa Kamakshi. Ukibisha hodi nitachelewa kufika mlangoni, usiondoke.

Baba yako