Begi Lililonienea Mgongoni

Mama Salima, rafiki yangu,

Amahoro, ikiwa huko uliko watu bado wanaamkiana. Sisi huku Rumonge tupo. Mvua imechelewa, ndagala ziwani zimeadimika, na kuku wako wamehamia kwa jirani bila kuaga, kama walivyokuwa wakitishia siku zote. Arobaini yako ilisomwa vizuri. Pilau ilitosha, watu walishiba, nami Mkristo wako nikakaa na wanawake uani nikaitikia amina kila niliposikia wenzangu wakiitikia. Mara mbili niliwahi mno, nikajikuta naitikia peke yangu. Binti yako Salima akanifinya paja.

Leo nakuandikia habari za begi. Najua ungesema nini. Ungesema mtu ameshakufa, na wewe badala ya kumletea habari za watoto unamletea za sakado. Tulia kidogo, maana nusu ya habari hizi ni zako.

Mimi ni mwanamke mnene. Naliandika neno hilo hivyo hivyo, kwa kuwa wewe hukuwahi kulizungukazunguka. Wengine husema "mama mwenye mwili", "mama aliyejaaliwa", kisha wananitazama miguu ninapopanda ngazi. Wewe, siku ile ya kwanza tulipopewa kazi ya afya, tukaambiwa tuwe tunapanda mlima wa juu ya Gatete kupima watoto na kupeleka dawa za malaria, uliniona nikihangaika kupenyeza mkono wa pili kwenye mkanda wa begi. Mkono umekwama nyuma kama wa mtu anayekamatwa na polisi. Hukucheka. Ulinivua, ukalivaa wewe, ukasema, "Weye uko na mudomo, miye niko na mugongo. Twende."

Basi ikawa hivyo miaka yote. Mimi mbele nabisha hodi, naongea, nabishana na wakwe wasiotaka mtoto achomwe sindano. Wewe nyuma, begi mgongoni, na kabla sijageuka kuomba mizani, mizani iko mkononi mwangu. Ulikuwa mwembamba hata mkanda wa kiunoni ukiubana mpaka mwisho, ncha yake inaning'inia kama mkia, nawe unaufunga fundo usikukwaze. Nilikutania kwamba begi ndilo linalokubeba wewe. Ukanijibu kwamba Kiswahili changu cha kambi ya wakimbizi Tanzania kimenyooka kama rula, lakini hakijui hata vitu vinaitwaje. "Begi ni ya Watanzania. Huku iko sakado."

Kisha siku ya soko ukakaa kibarazani kuchambua mchele, ukasema unahisi kizunguzungu, na moyo wako ukasimama. Wewe, ambaye mlimani hukuwahi hata mara moja kuniomba tupumzike. Mimi ndiye niliyekuwa nikihema. Mimi ndiye niliyekuwa nikipimwa presha kila mwezi. Hata sasa nikifika hapo akili inakataa kuendelea, inarudi kwenye ule ungo wa mchele.

Niliporudi kazini begi likanirudia mimi. Mzigo unaujua: mizani, dawa, vipimo vya damu, koti la mvua, chupa ya maji. Lako lilikuwa jembamba mno kwangu na zipu yake ilishakufa, kwa hiyo nilipewa lingine pale kituoni, nalo mikanda yake haikunipita mabegani. Nilijaribu kulibeba kichwani, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Chini kwenye michikichi nilikwenda vizuri. Lakini pale kwenye mteremko wa udongo mwekundu, ambapo mtu anapanda kwa kushika majani kwa mikono yote miwili, begi liliniponyoka na vipimo vikamwagika matopeni. Nikahamia bega moja. Baada ya wiki chache shingo ilikakamaa, nikawa siwezi kuinua mkono kujifunga kitambaa cha kichwa. Nilikwenda kituoni kimekaa upande kama kofia ya mlevi.

Titulaire wetu, mkuu wa kituo, aliliona hilo. Unamjua alivyo mpole. Aliniita ofisini, akanivutia kiti, akasema nichukue nyumba za huku chini kando ya barabara, mlima tuwaachie vijana. Akasema nifikirie mpaka mkutano wa mwezi ujao. Hakusema neno "mnene". Alilizunguka kwa heshima zote, na ile heshima ndiyo iliyoniuma.

Nilifika nyumbani nikalia, Mama Salima. Si kwa sababu ya nyumba za chini, nazo zina watoto kama kwingine. Nililia kwa sababu siku ya maziko yako wanaume walikubeba wakaenda, sisi wanawake tukabaki uani, na kaburi lako sijaliona mpaka leo. Mahali pekee ninapokuona ni kule mlimani. Kuna jiwe ulilozoea kukanyaga, kuna mgomba uliokuwa ukiupiga kofi kila ukipita. Nikiondolewa kule, nitakuwa nimekuzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Kwa hiyo nikasema nitatafuta begi linalonienea, hata kama liko chini ya ziwa.

Nilianzia maduka ya mjini. Mabegi yote yalikuwa ya wanafunzi. Nililivaa moja, mikanda ikanikata makwapani, begi lenyewe likakaa juu kabisa kati ya mabega kama kobe aliyepotea njia. Muuzaji akanipa moyo: "Mama, hii ni taille unique. Inaenda kwa bantu bote." Nikamwambia bantu bote hao awaite waje wanivue, maana nilikuwa nimekwama. Duka la pili walikuwa na begi kubwa la safari, lenye mkanda wa kiunoni. Nikafurahi. Nikavuta mkanda huku, nikavuta huku, na vile vifungo viwili vikabaki vinatazamana kwa mbali kama wakwe waliogombana. Mkanda wa kifuani ndio usiseme. Ulinipita katikati ya matiti, nikawa kifurushi kilichofungwa vibaya.

Nilitoka pale nimeona aibu ambayo sikuihisi tangu nilipokuwa msichana. Ungekuwa nami ningecheka. Nimegundua, rafiki yangu, kwamba ucheshi wangu mwingi ulikuwa unaegemea kwako.

Salima ndiye aliyenikuta nimekaa nje ya soko nakunywa maji. Akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka kwenye chaguwa, kule kwenye mitumba ya nguo na viatu. Huko kijana mmoja alikuwa ametundika mabegi ya kisoda, ya wanajeshi, yale mafupi mapana, yameshonwa mikanda midogo midogo mistari mistari nje, ya kutundikia sijui risasi sijui nini. Moja lilikuwa na madoadoa ya jeshi. Hilo nililikataa hata kuligusa, kwenye bariyeri ya barabarani askari wangeniuliza nimetokea kikosi gani. Lakini lilikuwepo jeusi. Nikasema, Salima mwanangu, naenda kupima watoto, siendi vitani. Akasema, "Vaa tu, tantine."

Nikalivaa. Halikuwa baya, lakini lilinining'inia. Nikaanza kulivua. Hapo mwanao akasema kitu kilichonifanya nigeuke nimtazame vizuri, maana sauti ilikuwa yake lakini maneno yalikuwa yako. Alisema, "Mama alisema mutoto hafungwi kama mugongo iko mutupu. Mutoto analala kwanza, njo unakaza."

Unaona? Mimi nimezaa watano, nimewabeba wote, na mabegi yote hayo nilikuwa nayajaribu matupu, nayakaza matupu, nashangaa kwa nini hayakai. Nani aliwahi kufunga mbeleko kabla ya kumlaza mtoto mgongoni?

Salima akaazima maharage kwa mama wa meza ya jirani, na vipande vya sabuni, tukalijaza begi. Akalegeza mikanda yote mpaka mwisho. Akaniambia niiname, vile tunavyoinama sote kumpokea mtoto. Begi likalala. Kisha akaanza kukaza kutoka chini kwenda juu. Mkanda wa kiunoni akaushusha chini ya tumbo, pale pale ninapofungia kitenge, maana kule juu ya tumbo mzigo hauna pa kukaa. Mikanda ya mabega ilikuwa mipana, imejazwa sponji, mirefu ya kunitosha na kubaki. Ule wa kifuani ulikuwa unateleza kwenye reli yake, akaupandisha mpaka juu ya matiti, chini kidogo ya shingo. Nikasimama. Mzigo ukashuka ukakaa nyongani. Mabega yakabaki yananing'inia bila kazi, hata sikujua niyafanyie nini.

Nilitembea kutoka meza za nyanya mpaka za samaki na maharage ya watu mgongoni. Watu walicheka, mama mwenye maharage akatufuata kwa macho asije akaibiwa, nami sikujali. Kasoro ilikuwa moja. Mkanda wa kiunoni haukufika. Safari hii haukuwa mbali, lakini kwa kifungo karibu haitoshi. Tukalinunua hivyo hivyo.

Kesho yake Salima alikuja kwangu na begi lako la zamani. Akafungua lile fundo lako. Kucha zilimuuma kulifungua, ulikuwa umelikaza miaka yote hiyo. Akanyoosha ile ncha, ule mkia niliokuwa nakutania nao, akaupima kwenye pengo la mkanda wangu. Ulifika, ukabaki kidogo wa kukunjia.

Fundi viatu aliufumua mkanda wote kwenye begi lako, akaupitisha kwenye ile mistari ya kisoda, akaushona mara tatu kwa uzi wa nyavu, hakukata kitu. Sasa najua ile mistari ni ya nini: ni ya kumwongezea mtu pale alipopungukiwa. Kipande ambacho wewe hukukihitaji ndicho kilichokosekana kwangu. Sitaki kusema ni Mungu aliyepanga, utasema nimeanza mahubiri. Nasema tu kwamba ulikuwa mwembamba kupita kiasi, mimi mnene kupita kiasi, na mkanda umetutosha sote wawili.

Nikapanda mlima. Nilihema, usidhani begi limenipa mapafu mapya. Mgongo ulilowa jasho, na kwenye mteremko nilishika majani kwa mikono yote miwili. Nilifika nyumba ya yule mama wa mapacha, ambaye habari zako hazikuwa zimemfikia. Alitoka mlangoni, akanisalimu, kisha akachungulia nyuma yangu. Akaendelea kuchungulia, akingoja mtu amalize kupanda. Ikabidi nimwambie. Tuliketi chini wote wawili, mapacha wakichezea mikanda ya begi.

Kuteremka ndiko kulikonishinda. Nilikuwa natembea vizuri, shingo haiumi, bega haliumi, kisha nikakumbuka kwamba haliumi, nikasimama njiani nikalia. Nilikuwa nimezoea lile bega. Kila lilipouma lilinieleza kwamba hupo. Sasa hupo, na hakuna kinachouma isipokuwa pale pale ulipokuwa.

Titulaire amenirudishia mlima. Alinitazama nilivyoingia mkutanoni na begi langu la kisoda, akanipigia saluti, watu wakacheka, na jambo likaishia hapo. Wamenipa mwenzangu mpya, msichana mzuri, ana adabu. Siku ya kwanza alinyoosha mkono aniondolee begi. Nilimshukuru nikakataa. Nimempa kazi ya kubisha hodi, aanze kujifunza mdomo.

Nimebakiza habari moja. Salima alitaka akwambie mwenyewe, lakini anasema akianza dua analia kabla ya kufika hapo, kwa hiyo amenituma mimi. Ana mimba. Tumbo limeanza kuonekana. Anatapika asubuhi, anakula udongo wa kichuguu kwa siri, nami namgombeza kwa niaba yako. Mumewe amemaliza nyumba yao, na unajua amejenga wapi? Kule juu kabisa, nyumba ya mwisho, ile njia uliyosema ni ya mbuzi.

Lala, rafiki yangu. Umebeba vya kutosha. Nami nakuahidi mbele ya Mungu wako na wangu, ambaye nadhani ni mmoja na ametuchoka sote wawili: mjukuu wako hatashushwa barabarani kupimwa na watu wasiokujua. Nitapanda mimi, na mizani nitaibeba mwenyewe.

Wako,
Mama Eliya