Kondoo wa Koleta

Asnath, acha ugali uungue, soma hii. Koleta kaumbuka mbele ya Igunga nzima!

Kikao cha wenye hisa wa ile kampuni ya kutafuta mafuta Wembere. Dada yako kasimama mbele ya mkurugenzi, hata salamu hakumpa. "Mlituahidi kuchimba tangu kiangazi! Mafuta yako wapi? Matapeli wakubwa nyie!" Watu makofi, vigelegele. Mzee Lugembe, mwenyekiti wa wenye hisa, anagonga meza kwa fimbo.

Mkurugenzi akasema mtambo umezama kwenye tope la mbugani. Mvua imezidi.

Koleta akamcheka. "Mvua gani hiyo ya kukuonea wewe peke yako?"

Weee! Yule baba akamgeukia taratibu. "Mama, mimi mgeni huku. Nilikuja kwako kununua kondoo wa tambiko, wazee watuombee heri ya kuchimba. Ukaniuzia mweusi."

Mweusi! Hapa nani hajui kondoo mweusi ni wa kuombea mvua? Mweusi, Asnath, na zizi lake limejaa weupe! Na mpunga wake ulikuwa unakaukia shambani!

Lugembe macho mekundu. "Koleta. Mpunga wako ukoje?"

Akaangalia chini. "Umezaa mpaka umeinama, baba."

Mungu wangu, zile kelele! Viti vilipaa.

Sasa kajifungia chumbani kwangu, na wenye hisa wamejaa uani. Kila mmoja kaja na gunia tupu.