Ua la Dada Jovitha

Jumanne, 11 Machi
Lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo, imefika! Boksi nimelifungua kwa meno, sikungoja mkasi. Mchana mzima niko kwenye kitalu cha chuo na okidi ya utafiti ya dada Jovitha, aliyenitangulia idarani. Ua moja tu, dogo kuliko punje ya mchele. Kazi ngumu! Ukisogea karibu, kamera yenyewe inaziba mwanga. Ukiwasha flashi, petali zinakuwa nyeupe pepe. Nikakata kikopo cha mtindi, nikaivisha flashi – mwanga ukalainika. Lakini feni za kitalu! Ua linatikisika tu. Tena Guangzhou nzima inatoka jasho mwezi huu, lenzi inashika ukungu kila dakika. Picha mia mbili, hakuna hata moja.

Jumatano, 12 Machi
Nimelikata.
Mashindano ya picha ya idara yanafungwa kesho. Kitaluni nilikuwa peke yangu. Wembe ulikuwa mfukoni – kwa nini nilikwenda na wembe? Maabarani nikalisimamisha kwenye udongo wa plastisini. Hakuna upepo. Taa mbili za pembeni, kamera kwenye reli yake, nasogeza unywele kwa unywele. Picha arobaini, kila moja imeshika sehemu yake, nikaziunganisha kwenye kompyuta. Hata vinywele vya mdomo wa ua vinaonekana! Nilipiga kelele kwa furaha, peke yangu kama chizi.
Kisha nikalitazama ua lenyewe. Limenyauka. Nikalifunga kwenye tishu, nikalitupa chooni.
Nilijua. Hapo siwezi kujidanganya. Dada Jovitha amelisubiri miaka miwili. Chavua ya kulitungishia mbegu inafika Ijumaa kutoka Kunming. Nilijiambia shina lina vitumba vingine. Havikuwepo, nami niliona havipo.

Ijumaa, 14 Machi
Dada Jovitha alikuja na chavua kwenye kichupa, amekishika kama yai. Akaniita, “Agripina, hebu njoo. Ni macho yangu au?”
Nikasema labda konokono. Konokono!
Akainama, akagusa ncha ya shina. “Konokono hakati hivi, mdogo wangu. Hapa pamepita chuma.”
Akamtazama Mama Liang, anayemwagilia na kupogoa humo. Mkasi ulikuwa mkononi mwake. Na mimi nikamtazama. Kutazama tu kulitosha.

Jumatatu, 17 Machi
Mama Liang ameondolewa kitaluni. Miaka kumi na tisa! Nimemkuta anafagia majani barabarani. Amenisalimia yeye kwanza. Akaniuliza polepole, Kichina cha kunionea huruma, kama mkasi unaweza kukata ua bila mwenyewe kujua. Anaamini ni yeye. Anasema macho yake siku hizi si mazuri.
Nimemjibu sijui.


Jumanne, 18 Machi
Nimeshinda. Picha imetundikwa ukumbini, upana wa mlango. Dada Jovitha alisimama mbele yake muda mrefu, nikawa nangoja anigeukie. Akanikumbatia. “Angalau wewe uliliwahi,” akasema. “Ahsante, mdogo wangu.” Akalia begani kwangu. Nikampigapiga mgongoni. Mimi! Kwa mkono huu huu.

Jumatano, 19 Machi
Nimeitwa ofisi ya mkuu wa kitalu, eti nilete picha zote, ziambatishwe kwenye ripoti ya hasara. Nimeleta. Nimekaa kwenye benchi nje, mlango uko wazi. Mama Liang yumo ndani. Kuna barua ya kukiri kosa, akitia sahihi wataachana naye bila kelele. Ameileta karibu na pua. Anauliza atie wapi. Mkuu anamwonyesha kwa kidole.
Simama, Agripina. Naandika tu.
Dada Jovitha ametokeza mlangoni. Anauliza kama nina kalamu, ya mkuu imegoma. Ninayo hii tu ninayoandikia. Amenyoosha mkono, anangoj –