Maji Matamu kwa Samaki wa Kimeu

Nyumbani kwa Kalekye,
Mwingi, Kitui.
Jumanne, 24 Februari 2026

Mpendwa Yvonne,

Asubuhi ya leo, saa moja na nusu, mama yako amehesabu matumbawe sita yaliyofunguka kwenye tangi la kioo la baba yako. Nimeyahesabu baada yake, nami nimepata sita. Nimekupa hilo mbele ya salamu kwa sababu najua ndilo ungelitafuta ukurasa mzima.

Sasa salamu. Hujambo, na baridi ya Halifax inakutendeaje? Nilisikia ulikuwa na kikohozi na bado unaingia kazini. Natumaini kimeisha. Sisi tu wazima. Kwetu Nunguni mahindi yalipata mvua ya kutosha, na huku Mwingi ndengu zimevunwa. Barua hii anaileta binamu yako Kaluki, anayerudi huko Ijumaa likizo yake ikiisha.

Niko hapa tangu tarehe 30 Januari. Mama yako hakuniita. Nilikuja kwa sababu aliacha kupokea simu za video, zako na zangu, na kwenye simu ya kawaida aliniambia mara tatu kwa dakika moja kwamba kila kitu ni kizuri.

Nilikuta kioo kijani na mawe yamefunikwa na mwani mrefu kama nywele. Matumbawe yote tisa yalikuwa yamejikunja. Juu ya meza palikuwa na pakiti ya mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba. Jirani yenu Mwau aliutumia kusafisha bwawa lake, na akamletea mama yako na kumshauri autie kwenye tangi. Kuhusu mwani hakukosea. Lakini ungeua pia matumbawe na konokono wote, na mama yako alikuwa amekwisha kuambiwa hivyo kwenye duka la dawa za kilimo.

"Nimechoka kuyatazama yakifa polepole," aliniambia. "Heri yaishe."

Nilimwomba wiki moja. Akanipa siku nne.

Siku ya kwanza niliuliza maswali tu. Tangi lile la lita 240 hupoteza karibu lita tano kila siku kwa jua na upepo wa hapa. Yanayoondoka ni maji peke yake, chumvi yote hubaki. Kwa hiyo linaongezwa maji yasiyo na chumvi wala kitu kingine. Baba yako alilijua hilo kwa miaka yake yote ya kutunza matangi ya hoteli kule Pwani, na pengine ndiyo sababu hakuona haja ya kuliandika. Daftari lake linasema hivi: "Kila siku ongeza maji hadi kwenye mstari." Nimelisoma kurasa zote thelathini na moja. Halisemi maji gani.

Unajua nyumba ya mama yako ilivyo. Maji matamu ya mvua hukaa kwenye tangi la plastiki, ni ya watu. Maji ya kisima cha mashine kilicho nyuma ya kanisa ni ya mbuzi na kufua, kwa sababu yana chumvi. Hakuna aliyewahi kuchanganya. Baba yako alipotutoka Juni, mama yako akashika kazi ya samaki wa maji ya chumvi, na akawatafutia chumvi. Alibeba mtungi kutoka kisimani kila siku ya pili kwa miezi saba, na mgongo wake ule.

"Ningewapa maji matamu, na sisi tunayahesabu kwa kikombe?" aliniuliza. Ningekuwa mimi, ningefanya vile vile.

Tulipeleka chupa ya maji ya kisima kwa Yarow, mwenye duka la kusafisha maji karibu na stendi. Ana kalamu ya kupimia vitu vilivyoyeyuka. Maji yetu yalisoma 2,900. Yake yalisoma 11. Akamtazama mama yako.

"Mama Yvonne, haya hata ngamia wangu angeuliza kwanza."

"Ngamia wako umemharibu na soda za dukani," mama yako akamjibu.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu mazishi.

Kulikuwa na sababu ya pili. Baada ya mazishi wageni walikuja kwa wiki nyingi, na kila mmoja alitaka kuwaona samaki wa marehemu baba yako Kimeu wakila. Mgeni hakataliwi. Kuna siku walilishwa mara nane. Kilichobaki kilioza, na kuoza huko, pamoja na vilivyomo kwenye maji ya kisima, ni mbolea. Mwani hula mbolea na mwanga. Taa ilikuwa ikiwaka kwa muda wa saa kumi na moja kila siku.

Nilipomweleza hivyo, mama yako alisema: "Kwa hiyo nimekuwa nikipanda magugu na kuyatilia mbolea. Hii ni palizi tu. Mbona hamkuniambia hivyo tangu mwanzo?" Palizi anaijua kuliko mimi na wewe. Mrututu akaurudisha kwa Mwau siku hiyo hiyo, na siku zangu nne hakuzitaja tena.

Tangu hapo kila asubuhi anasugua mawe kwa mswaki na kuung'oa mwani kwa vidole, huku mimi nikiuvuta nje kwa mpira wa maji kabla haujatawanyika. Taa sasa inawaka kwa saa saba tu. Samaki wanakula kidogo, siku moja wanapata, siku moja hawapati. Mgeni anayetaka kuwalisha anapewa chai. Kila Jumatano tunatoa lita ishirini na nne na kurudisha nyingine, maji ya Yarow tuliyoyachanganya na ile chumvi ya matumbawe aliyoacha baba yako. Kipimo cha chumvi kilikuwa 1.031. Tulikishusha polepole kwa siku kumi hadi 1.025, kama cha bahari, kwa maana kushusha kwa ghafla kungewaua waliobaki. Katunge, aliyefanya kazi na baba yako kule Pwani, alitutumia konokono kumi na wawili kwa basi. Tisa wako hai na wanakula mwani.

Matumbawe mawili yamekufa. Lile la zambarau ulilolipenda ni mojawapo. La tatu silielewi bado, siku nyingine linachungulia, siku nyingine halitoki. Samaki wote watatu wako salama. Mwani haujaisha, na Katunge anasema itachukua miezi miwili au mitatu, na kwamba kidogo utabaki daima.

Sasa jambo ambalo sikutaka kuliandika. Mama yako alinitajia maneno yako ya tarehe 11 Januari, ulipoona tangi kwenye simu: "Hata hicho kimoja alichoacha baba kimekushinda." Aliyataja mara moja tu, akiosha mswaki, bila kukulaumu. Najua ulisema ukiwa mbali na ukiwa na msiba wako mwenyewe, na hukuwepo kuliona kaburi likifunikwa. Sikugombezi. Nakupa tu yale ambayo hukuyajua siku ile: daftari lisilosema maji gani, na mtungi uliobebwa kila siku ya pili kwa miezi saba.

Kuna lingine hajakuambia. Siku tatu baada ya simu ile alizungumza na mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Wanalitaka tangi, tupu, kwa maabara yao. Anatakiwa kuwajibu Jumatatu tarehe 16 Machi. Nilimuuliza jana kama bado ana nia hiyo. Akasema anaweza kulisugua, lakini hawezi kulisugua kila siku akijua mtoto wake anamwona ni mtu wa kuharibu.

Kaka yangu Kiilu na mkewe Wayua wanakusalimu. Binti yao Nduku amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Wanawake wa kanisa wanakutaja katika maombi kila Alhamisi. Mungu akulinde barabarani kwenye barafu na akupe kupumzika.

Mama yako amekubali kupiga simu ya video mwenyewe, Jumapili tarehe 15 Machi, saa tisa alasiri ya hapa. Kwenu mtakuwa mmeshasogeza saa mbele, kwa hiyo itakuwa saa tatu asubuhi. Ataisimamisha simu mbele ya tangi. Mimi nitakuwa nje. Shule itajibiwa kesho yake saa nne.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda na kukuamini,

Gedion